Dakika Moja ya Mpiga Ngoma

Nyumba niliyofanyia kazi Riyadh, mtaa wa Al-Malqa, ilikuwa na kalenda tatu: ya Kiislamu, ya kizungu, na ya bendi. Baba mwenye nyumba alisoma ng'ambo ujanani, na huko akaipenda bendi moja maarufu ya roki kwa mapenzi ambayo hata madam sikuona akipewa. Kila mwaka, siku ilipotoka santuri yao ya kwanza, kwake ilikuwa Idi. Magita yalinguruma sebuleni tangu asubuhi na yeye akitaniana na kila mtu. Siku bendi ilipovunjika alishinda amenuna. Na siku aliyokufa mpiga ngoma wao, hata madam alinyata.

Sisi wafanyakazi hatukujua kupambanua wimbo huu na ule, lakini siku hizo tulizijua kama nyakati za sala. Aliyenifundisha ni dereva, Mkenya mwenzangu wa Kakamega. "Dada, huyu bosi ukimwomba kitu siku ya kawaida atakuambia bukra, kesho, mpaka uzeeke," alisema. "We ngoja tu birthday ya bendi." Na kweli, simu yangu niliipata siku ya santuri.

Basi mama yangu akaugua, kwetu Likoni. Dada yangu mkubwa alinipigia akasema mama ameacha kula, na kila akifumbua macho ananiulizia mimi, kitindamimba wake. Siku hiyo haikuwa ya bendi wala ya nini, nami sikujali. Niliingia sebuleni na unga mikononi nikamwomba baba ruhusa ya kutoka nchini. Yeye ndiye kafili wangu, na bila idhini yake uwanja wa ndege sipiti. Wala sikuomba hisani. Likizo ilikuwa haki yangu tangu zamani.

Alinisikiliza kwa upole. Akasema mwezi huo santuri ya kwanza inatimiza miaka hamsini, sherehe itakuwa Jeddah, rafiki zake wa chuo watakuja, na sambusa wanazozipenda hakuna mwingine azijuaye. "Baada ya hamsini utakwenda, inshallah. Mafi mushkila, hakuna tatizo."

Mushkila ilikuwepo. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilimchukia baba yule. Kilichonikera zaidi ni kwamba hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kunifokea, na sikukuu hakunisahau. Ila kwake mama yangu alikuwa jambo la baada ya sherehe, na alilisema hilo huku akitabasamu.

Wenyewe walikwenda Jeddah kwa ndege. Mimi na dereva tulikwenda kwa gari pamoja na masufuria, jangwa kulia, jangwa kushoto. Dereva hakufungua redio njia nzima. Nilimshukuru moyoni kwa hilo, ingawa sikumwambia.

Asubuhi ya sherehe dereva alinipeleka mtaa wa Bani Malik kununua hiliki na bizari. Tulikuwa mle dukani dada aliponipigia, naye hakuzungukazunguka. Mama amefariki alfajiri. Watamzika baada ya sala ya alasiri, kwa sababu maiti hangojewi, hata kama ana mtoto Arabuni.

Dereva akanichukulia kikapu. "Twende tumwambie bosi sasa hivi," alisema.

"Anifanyie nini?" nikamjibu. "Atanipa pole, kisha ataniuliza sambusa ziko wapi."

Nilirudi jikoni nikazikunja zote. Hakuna hata moja iliyopasuka, na hilo nalo lilinitia hasira.

Wageni walijaa baada ya alasiri. Nilikuwa napita na trei ya kwanza baba alipouzima muziki. Akawaomba wote wasimame, wamkumbuke mpiga ngoma kwa dakika moja ya kimya, maana angekuwa hai leo angefurahi. Kwetu maiti hakumbukwi kwa kunyamaza, husomewa. Lakini saa ileile Likoni walikuwa wakimfukia mama, na hapa watu wazima waliovaa kanzu zao nyeupe walikuwa wamesimama na kuinamisha vichwa, hakuna wa kuniagiza chai wala maji. Tangu asubuhi sikuwa nimepata hata nafasi ya kuketi. Nikaichukua dakika ile, nikamsomea mama Fatiha kimoyomoyo. Machozi yakanitiririka, na kwa vile nilishika trei kwa mikono miwili, sikuweza kuyafuta.

Baba akaniona. Alinijia na macho yake mekundu.

"Hata wewe?" aliuliza.

Nilitaka kumwambia. Kabla sijaanza, alikwisha kuyachukua machozi yangu kuwa jibu. Akawageukia rafiki zake. "Mmeona? Ameishi kwangu akisikiliza nyimbo zao, na yeye pia amempenda mpiga ngoma." Wageni wakaitikia kwa vichwa. Mmoja wao akanitazama kwa huruma ambayo nilikuwa nimeitafuta kwa watu wa nyumba ile tangu nilipofika.

"Usilie," baba akaniambia, taratibu. "Una moyo mzuri wewe. Halas, basi, kesho dereva atakupeleka uwanja wa ndege. Nenda kamwone mama yako."

Nilisema shukran, baba. Sambusa zilikuwa bado za moto, na mgeni aliyekuwa karibu nami alikuwa ameshanyoosha mkono.