Namba Kumi na Saba Anaitwa Kabula

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo naweka chini chochote nilichoshika. Ilikuwa miaka ya sabini, nami ni mhadhiri msaidizi kijana katika maabara ya chuo, Dar es Salaam. Nilikuwa nachunguza uvimbe wa taya, saratani inayowapata watoto. Wewe umeajiriwa juzi katika kazi ileile, ndiyo maana nakusimulia jambo lisilonipa sifa.

Nilikuwa nimezunguka hospitali za misheni upande wa Geita na Ushirombo nikikusanya vipande vya uvimbe. Kila kipande nilikitia kwenye chupa nikaandika namba. Mkuu wangu alitaka ripoti ya vipande ishirini kabla ya kunithibitisha kazini, na mimi nilikuwa na kumi na saba. Nikaona nisubiri vile vitatu, nivipake rangi vyote kwa pamoja na kuvitazama kwa darubini mara moja. Nilijiona mtu wa mpango kweli! Wiki tatu zikapita, chupa ziko rafuni.

Ndipo ikaja telegramu kutoka kwa Mama Kulwa, muuguzi mkongwe wa hospitali mojawapo: "Namba kumi na saba anaitwa Kabula. Jicho linafunga. Majibu yako wapi?"

Nilikishughulikia kile kipande siku hiyohiyo. Kesho yake, nilipochungulia kwenye darubini, sikuhitaji kutazama mara mbili. Ilikuwa ile saratani yenyewe, inayokua haraka mno, lakini ikiwahiwa husikia dawa.

Nikaomba dawa kwa mkuu wangu, nikapanda treni hadi Shinyanga, kisha malori, vumbi hadi kwenye kope. Kabula nilimkuta ameketi kitandani, msichana wa miaka saba, shavu la kushoto limevimba hadi limelisukuma jicho. Baba yake, mkulima wa pamba kutoka Kharumwa, alinyanyuka. Nikamwamkia.

"Marahaba, daktari. Wabeja, asante kwa kuja," akasema kwa Kiswahili chake kichache, akanikaribisha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyoletewa na mkewe. Nilitamani anigombeze.

Aliyenigombeza ni Mama Kulwa. Alinivuta hadi chumba cha kufungia vidonda, akafunga mlango.

"Binti yangu, ulisoma ili ujue kilichomshika mtoto huyu?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukishajua, nani aambiwe kwanza?"

"Mgonjwa na wazazi wake."

"Basi nenda kamwambie baba yake kwamba ulichelewa. Nitakutafsiria kwa Kisukuma, lakini sitakupunguzia hata neno moja."

Nikaenda, nikasema yote. Baba Kabula aliushika mguu wa bintiye. Kisha akauliza, "Dawa umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo."

"Basi anzeni."

Daktari wa pale alimchoma sindano ya kwanza palepale. Nilikaa wiki mbili. Uvimbe ulinywea siku baada ya siku. Kabula akaanza kutafuna, akaanza hata kunicheka nilivyokuwa nikitamka Kisukuma. Akapona, mwanangu. Ila jicho la kushoto halikuona tena. Labda lingepona kama ningeifungua ile chupa wiki ya kwanza, labda lisingepona. Sitajua kamwe, na huo ndio uzito wake.

Najua yanayokukabili: mkataba mfupi, mkuu anayedai ripoti, wenzako wanaokupita. Sikulaumu ukiogopa, nami niliogopa. Nakuomba tu, kipande kikifika mezani kwako, kitazame kwanza kwa ajili ya mgonjwa, ripoti itafuata. Kando ya kila namba andika jina. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, nenda ukaseme kwa kinywa chako kabla hujapata nafasi ya kuyapamba maneno.

Mungu ayatunze macho yako yasichoke na darubini. Akupe wakubwa watakaokukemea kwa upendo, na majibu yako yawafikie wagonjwa wangali na wakati wa kupona.