Betri Iliyolala Chumbani Kwetu

Harufu ya yai viza ndiyo iliyokuwa harufu ya chumba chetu pale Ruponda, mimi na dada yangu Somoe. Ilitoka kwenye betri kubwa ya maji, ya lori, iliyochajiwa mchana kwa sola na usiku ikatuwashia taa na redio. Baba aliinunua baada ya kuuza ufuta, akaiweka chini ya kitanda chetu kwa kuogopa wezi, na dirisha akalipigilia misumari kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tulijiona watu. Majirani walikuwa na vibatari, sisi tulikuwa na swichi ukutani, na Somoe, aliyekaribia mtihani wa kidato cha nne, alisoma chini ya taa ile mpaka macho yakawa mekundu. Alitaka kuwa mwalimu.

Kazi ya kuongeza maji ya betri ilikuwa yake. Alasiri moja ya msimu wa korosho, betri ikiwa bado inachaji, alifungua vifuniko aone kama maji yamepungua. Chumba kilikuwa giza, basi akawasha kiberiti, akainama. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba betri inayochajiwa hutoa gesi, na gesi ile hushika moto. Nilikuwa mlangoni niliposikia mlipuko, kisha sauti ya Somoe, ambayo mpaka leo sitaki kuieleza. Tindikali ilikuwa imemrukia usoni.

Mama alikuwa uani anachoma korosho. Nyumbani kwetu, aliyerukiwa na mafuta ya ganda la korosho hanawishwi. Hupakwa majivu, maana waliotulea walisema maji huyatandaza yale mafuta mwilini. Mama alitibiwa hivyo tangu utotoni, na kwake kuungua kulikuwa kuungua tu.

"Msimtie maji!" alipiga kelele. "Yatamwenea uso mzima!"

Akamlaza mapajani, akampaka majivu polepole kwa mkono wake, huku akisema bismillahi.

"Maji, mama, naungua," Somoe alilia.

"Vumilia, mwanangu. Maji yatakumaliza."

Jirani alipoleta pikipiki na kuwafikisha mama na Somoe zahanati ya Mnero, mimi nikiwa nimebanwa nyuma yao, muda mrefu ulikuwa umepita. Nesi alimwosha macho bila kupumzika. Kisha akamwambia mama kwamba ilimpasa amwoshe kule kule nyumbani, kwa maji ya kawaida, mengi, papo hapo. Mama aliuliza, "Hata yale ya mtungini?" Nesi akasema hata yale. Mama hakulia, akakaa chini sakafuni.

Jicho la kushoto lilikufa. La kulia linaona kama kupitia ukungu, na mtihani ule Somoe hakuufanya.

Sasa naishi Nachingwea mjini. Betri yangu inakaa barazani penye hewa, na hakuna anayeisogelea na moto. Hata hivyo nikipita madukani Ruangwa naudhika, kwa kuwa betri za maji bado zinauzwa na maelezo ya Kiingereza yenye herufi ndogo, ambayo mama zetu hawatayasoma kamwe. Mama amezeeka, naye haoni vizuri. Kila tunapokutana kwa Idi humpapasa Somoe shavu la kushoto, akamuuliza kama upande ule unaona japo kidogo.

"Naona, mama," Somoe humjibu. "Mwaka huu naona zaidi."