Mafiga Matatu kwenye Chemchemi ya Kihonga

Ile siku mu kambi ya Kashuga bado naiona, mwanangu, hata nikifumba macho. Mvua ilikuwa juu yetu tangu asubuhi, na tulikuwa tumesimama kwenye mustari mbele ya meza moja ya mbao, matope mupaka kwenye vifundo vya miguu. Tulikuwa tumekimbia vita. Nilikuwa na miaka kama makumi mbili, mimba ya kwanza tumboni, na kitenge kimoja kiunoni njo kilikuwa mali yangu yote. Pale mezani walikuwa wanaandika majina ya watu, kijiji kwa kijiji. Aliyeandikwa alipewa shitingi, lile turubai la kufunika kibanda.

Mwenye kuandika aliitwa Mushesha. Ninamutaja kwa jina, sina sababu ya kumufunika. Alisema listi ya kijiji chetu, Kihonga, imejaa. Haikujaa. Nafasi zetu alikuwa amewapa shemeji zake, watu ambao Kihonga hawajaiona hata kwa mbali. Mama mumoja wa kijiji cha Bulindi aliyekuwa nyuma yangu akanivuta nguo.

"Dada, sema weye ni mutoto wetu. Sema baba yako ni Musubao. Muzee atakataa namna gani, na alishakufa?"

Akacheka, na miye nikacheka. Nikafika mezani nikasema miye ni Sifa, mutoto wa Musubao, wa Bulindi. Mushesha akaandika bila kuinua kichwa. Nikatoka pale na shitingi kwapani, najiona mujanja kuliko watu wote wa Masisi.

Jirani yangu mu kambi alikuwa koko mumoja, bibi kizee, jina lake Kanyere, muzee wa meno mawili, mudomo wake mukali kama wembe. Na yeye listi ya kijiji chake ilikuwa imefungwa, lakini alikataa kusema kijiji cha wengine. Alikuwa analala chini ya majani ya ndizi. Nikamuita aje chini ya shitingi yangu, na nikamupigia ile hadisi, nikifikiri atacheka. Hakucheka. Akaniuliza baba yangu wa kweli ni nani. Nikasema Bwira. Baba ya Bwira? Buunda. Na baba ya Buunda? Huyo sikumujua.

"Wawili tu," akasema. "Hata mbuzi yangu nilijua mama yake na koko yake."

Nikakasirika. Nikamuambia tumbo langu haliulizi baba ya Buunda. Hapo njo akaniambia lile neno ambalo sijawahi kulisahau.

"Bwira walimuua mu Kihonga mara moja. Leo weye umemuua mara ya pili, na waliokulipa ni hao wa shitingi."

Mwanangu, nililia, lakini kilikuwa kilio cha hasira. Kwenda mezani kusahihisha sikwenda. Koko Kanyere aliendelea kulala kwenye majani yake, na kila asubuhi alikuwa ananiuliza jambo moja la kwetu. Mama yangu alikuwa anatoka wapi? Watu wetu walikuwa wanazikwa wapi? Mama alikuwa anafanya nini akienda kuchota maji? Nilikuwa namujibu kwa kifupi, kama muntu anayefukuza inzi. Nilimuambia mama alikuwa na tabia moja ya ajabu: kabla ya kujaza bido, lile dumu la maji, alikuwa anamwanga maji ya kwanza kwenye majani, pembeni ya chemchemi. Kwa nini? Sikumuuliza kamwe. Koko akasema, "Shika hilo. Siku moja utalitafuta." Akafa kabla ya mavuno, na miye nikaendelea na maisha ya uongo wangu.

Kwa kuwa uongo wa karatasi, mutoto wangu, haukai mahali pamoja. Jina la Musubao lilitoka kwenye listi ya shitingi likaingia kwenye karte yangu, kile kitambulisho, likatoka kwenye karte likaingia kwenye ubatizo wa watoto wangu, halafu kwenye vitabu vya masomo. Miye nilisoma mupaka mwaka wa tatu wa primeri tu, lakini nilijua kusoma lile jina, na kila nikilisoma lilinikwaruza. Nilisema nitasahihisha kesho. Kesho hiyo ilichukua miaka kumi na kitu.

Sasa nikuambie habari ya Batachoka. Huyu ni baba yangu mudogo, alitoka tumbo moja na baba. Siku watu wa bunduki walipopanda Kihonga, Batachoka njo aliwaonyesha nyumba yetu, ili ng'ombe zake zisiguswe. Baba alianguka mulangoni. Kaka zangu wawili walianguka mu shamba la ndizi. Miye nilikuwa kwa bwana, kilima cha pili, njo maana niko hapa naandika. Batachoka yeye akashuka na ng'ombe zake mupaka Bweremana, akakaa kule kando ya ziwa akikula samaki mbichi. Bunduki zilipotulia kidogo upande wetu, yeye alikuwa wa kwanza kurudi. Akakamata kilima chote. Nusu akamupa tajiri mumoja wa ng'ombe wa Kitshanga.

Nikaenda kwake na watoto wangu watatu, bwana wangu alikuwa alishakufa, nikamuomba sehemu ya baba tu, pale nyumba ilipokuwa. Alikuwa kwenye kiti nje, anakunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Akaniomba karte yangu kwa upole, kama muntu wa biro ya serikali. Akaisoma kwa sauti, watu wakisikia.

"Sifa, mutoto wa Musubao, wa Bulindi. Mama, umepotea njia. Bulindi iko kule."

Watu wakacheka. Akaongeza kwamba hata ningekuwa mutoto wa Bwira, mwanamuke hana kilima, na kwamba miye ni mutoto wa barabara, nirudi kwenye barabara. Wale walionijua tangu utoto walikuwa wamekaa palepale. Waliangalia chini. Walikuwa wamekula nyama ya ng'ombe yake Jumapili iliyopita.

Nikapeleka maneno kwa shefu wa lokalite, mukubwa wa kijiji, na wazee wake. Kwetu muntu anayegombania kilima haleti kelele, analeta ukoo: anataja baba zake wote kwa kupanda, anataja mama ya kila mumoja na alikotoka, na anaonyesha mahali kila mumoja amelala. Wazee wakatupa kila mumoja nafasi. Batachoka akasimama akataja baba zake wane bila kukwama: Buunda, Kaembe, Muteho, Ndabita. Miye nilisimama nikataja wawili, na nikakaa. Muzee mumoja akasikitika kwa sauti. Lakini aliyeongoza wazee, Papa Muhindo, alikuwa amesikia kitu kinachokosekana. Akamuuliza Batachoka mama zao ni nani. Batachoka akasema mama ni mama, nani anahesabu mama? Akamuuliza Ndabita amelala wapi. Akasema pori lilimukula. Papa Muhindo akasema basi kesi haijaiva, akatupa muda wa mwezi mumoja.

Nilijua jambo moja tu: koko yangu mwanamuke, mama ya baba, alitoka Walikale. Basi nikapanda pikipiki mupaka barabara ilipokwisha kuwa barabara, nikashuka, nikatembea siku mbili mu pori. Kila kijiji nikauliza kama kuna jamaa lililotoa binti kwenda Kihonga ya Masisi. Walinituma huku na kule. Siku ya tatu nikafika kwa muwindaji mumoja muzee, Papa Kiroba, alikuwa anashona kamba ya wavu wake mbele ya nyumba. Nikasema neno Kihonga. Akaacha wavu.

"Ile mbuzi ya mujomba," akasema, "hamujaileta mupaka leo."

Nikafikiri amechanganyikiwa. Kumbe alikuwa anakumbuka mahari ya koko yangu. Alikuwa ananidai mbuzi ya wakati ambao baba yangu hakuwa alishazaliwa, na alinidai kwa furaha, kwa kuwa muntu anamudai muntu wake. Nikaanza kulia. Akaita bibi yake, akasema leteni chakula, mutoto wetu amerudi.

Nilikaa kwake siku tano. Papa Kiroba alijua ukoo wetu kwa njia ya mama, kwa kuwa kwao walikuwa wametutolea mabinti mara mbili. Na alijua mwanzo, ule ambao sisi wenyewe tulikuwa tumeuficha. Ndabita, mwanangu, hakuzaliwa Kihonga. Alifika akiwa mugongoni kwa mama yake. Huyo mama aliitwa Nyakabasa. Wakati ule wazungu walikuwa wanafunga wanaume kamba shingoni kubeba mizigo, bwana wake alifungwa hivyo akafia njiani, na yeye akakimbia kutoka hukuhuku Walikale akapanda Masisi, peke yake, na mutoto na shoka. Mwenye inchi wa wakati ule akamuonyesha kilima kilichokuwa pori tupu, akamuambia, ukiweza kukaa, kaa. Akakata pori. Akawasha moto wa kwanza wa Kihonga. Alipokufa hawakumuzika kwenye ndizi kama wengine wetu. Walimuzika kwenye chemchemi, uso kuangalia Walikale, na juu yake wakaweka mafiga yake matatu, yale ya moto ule wa kwanza.

"Na mabinti waliotoka kwetu," akasema Papa Kiroba, "tuliwaagiza wamunyweshe kwanza yeye, halafu wachote."

Niliweka sahani chini. Mama yangu alifundishwa na mama mukwe wake. Yale maji ya kwanza kwenye majani. Koko Kanyere, uko wapi.

Siku ya kesi, watu walijaa. Batachoka alikuja na koti na kofia. Nikasimama nikataja, na safari hii sikukaa: Bwira, mama yake wa Walikale; Buunda, mama yake wa Masisi; Kaembe, mama yake tena wa Walikale; Muteho; Ndabita. Kila mama kwa jina na kilima chake, kila baba na mahali amelala. Halafu nikasema juu ya Ndabita kuko mama yake, Nyakabasa, mwanamuke, mukimbizi, mutoto wa barabara kama miye, na njo mwenye kufungua Kihonga.

Batachoka akacheka, akasema nimeenda kununua hadisi mu pori. Nikamuambia Papa Muhindo, twende kwenye chemchemi.

Tukapanda wote, shefu mbele. Pale ng'ombe za Batachoka zilikuwa zinakunywa, na kando yake matete marefu kuliko muntu. Nikaomba panga. Nilikata matete mwenyewe, wanaume wakisimama, mupaka panga likalia kwenye jiwe. Nikapiga magoti nikafukua kwa mikono. Jiwe la kwanza. La pili. La tatu lilikuwa limelala upande, limekanyagwa na ng'ombe. Yote meusi upande mumoja, weusi wa moto.

Halafu mama mumoja muzee, mumoja wa wale walioangalia chini siku ile, akatoka katikati ya watu, akachota maji kwa mikono, akayamwanga kwenye mawe. Akasema hata yeye aliwahi kuona mama yangu akifanya hivyo, na kwamba alinyamaza kwa woga. Vigelegele vikaanza hapo, mwanangu, vikashuka mupaka bondeni. Papa Muhindo akavua kofia yake. Akamugeukia Batachoka akamuuliza swali moja tu:

"Weye unasema mwanamuke hana kilima, sasa ulikuwa umekaa kwa nani?"

Wazee walikata maneno jioni ileile. Sehemu ya Bwira ikarudi kwangu na kwa watoto wangu. Kwenye ile nusu aliyopewa, tajiri wa Kitshanga aliambiwa atoe ng'ombe zake. Batachoka bado anaishi kule juu. Hatusalimiani. Sijamusamehe, na sitakudanganya kwamba nimemusamehe.

Nilienda biro kufuta jina la Musubao, na roho ya muzee yule inihurumie, yeye hakunikosea kitu. Mbuzi ya mujomba niliipeleka Walikale mwenyewe, Papa Kiroba akaikagua meno. Halafu nikatoa ile shitingi ya Kashuga, nilikuwa bado nayo, imepasuka pembe moja. Nikaitandaza chini, na kwa kipande cha makala, makaa ya moto, nikaandika juu yake ukoo wote, Nyakabasa chini kama muzizi, wengine wakipanda. Batachoka nimemuandika pia, mahali pake, na kando yake yale aliyofanya. Na pembeni kabisa, hata kama hakuwa wa damu yetu, nimemuandika Koko Kanyere. Imetundikwa ukutani mwangu, watoto wanaisoma wakikula.

Basi sikia, weye unayesoma. Uliza leo, wakati wenye kujua wanapumua. Uliza mama zako kama unavyouliza baba zako, kwa kuwa nusu ya habari yako iko kwao. Ukimuona muzee anafanya kitu usichokielewa, muulize kwa nini, usinyamaze kama miye. Usitoe jina la baba yako kwa turubai, hata mvua ikunyeshee. Ukikuta mubaya kwenye ukoo, usimufute, muandike. Na ukikuta kwamba wa kwanza wenu alifika akiwa anakimbia, usione haya, na usimufukuze anayekuja kwako akikimbia leo.

Nyakabasa akutangulie kwenye kila njia. Maji yako yasikauke, moto wako usizimike, na watakaokuja nyuma yako wataje jina lako bila kukwama.