Nilivyopita Ukweni Nikiwa Juu ya Meli

Jumapili jioni, kibarazani kwetu Mshangano, Songea, binti yetu Upendo alipiga simu kutoka Dubai anakofanya kazi hotelini. Alisema ametupatia nafasi kwenye meli ya kitalii, mimi na mama yake, siku saba za kuzunguka bandari za Bahari ya Mediterania. Chumba kina dirisha. Chakula kipo muda wote. Kuna bwawa la kuogelea juu ya meli, jambo ambalo mpaka leo sijalielewa, maana maji yapo chini yake tele. Alitaka jibu kabla ya Jumapili inayofuata, kwa sababu nafasi zile ambazo hoteli huwapa wafanyakazi hugombaniwa.

Kwa upande wangu hakukuwa na cha kufikiri. Nimefundisha jiografia miaka ishirini na sita. Nimeichora bahari hiyo ubaoni mara nyingi kiasi kwamba naweza kuichora nimefumba macho, na visiwa vyake nimevifuta kwa mkono wa shati. Sijawahi kuiona. Kila mwaka niliwaambia wanafunzi kwamba majira ya joto kule ni makavu na mvua hunyesha wakati wa baridi, nikasema kwa sauti ya mtu aliyenyeshewa nayo. Usiku ule nilizitazama picha alizotuma Upendo mpaka simu ikaisha chaji.

Mke wangu Agata ndiye hakujibu. Nilipomuuliza asubuhi alisema, "Sijakataa, Baba Upendo. Lakini wewe hata maji ya beseni yakikufika magotini unashika ukuta. Siku saba utashika nini?"

Alisema kweli. Mimi ni Mngoni, nimezaliwa Lusewa, na maji mengi kuliko yote niliyoyajua utotoni yalikuwa ya kisimani. Agata ni Mnyasa. Amezaliwa kijiji kidogo kando ya Ziwa Nyasa, mbele ya Liuli, na aliogelea kabla hajajua kusoma.

"Tupande kwanza meli ya ziwani," akasema. "Tukitoka huko, nitampa mtoto jibu."

Nikachukua karatasi, nikachora ramani. Tungeshuka Mbamba Bay kwa basi, tupande meli hadi mwisho wa ziwa kaskazini, halafu turudi Songea kwa barabara kupitia Njombe. Duara zuri kabisa. "Na tutapita kwenu!" nikamwambia, nikigonga kalamu kwenye nukta ya kijiji chao. "Meli inatia nanga pale. Utakiona chote kutoka juu."

Agata aliitazama ile nukta, akaendelea kukunja kitenge. Mwalimu mwangalifu angeuliza ameona nini pale. Mimi nilikuwa nahesabu bandari.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, basi liliondoka stendi ya Songea. Tulikunywa chai Mbinga, kukiwa na baridi ya kufanya mtu akumbatie kikombe, kisha tukaingia kwenye milima ya Wamatengo, na kahawa yao, na mashimo yao ya kilimo cha ngoro yaliyojipanga kwenye miteremko. Nilimweleza Agata jinsi ngoro inavyozuia mmomonyoko. Aliniambia ameolewa na mimi miaka ishirini na nne na somo hilo amelisikia kila tulipopita hapo. Nikafanya hesabu kimoyomoyo: tulikuwa tumepita hapo mara tatu tu. Harusi, msiba wa baba yake, msiba wa mama yake. Kila mara niligeuza kesho yake, kwa sababu ya mitihani.

Baada ya hapo barabara inashuka, kona juu ya kona, joto linapanda, na katika kona mojawapo ziwa linatokea lote kwa mara moja. Agata aliniomba tubadilishane viti. Alikaa dirishani, akaegemeza paji la uso kwenye kioo mpaka tukafika chini.

Mbamba Bay, mchana, mwenye nyumba ya wageni alitupokea, mama mnene mchangamfu, akaanza kutuandika kwenye daftari.

"Poleni kwa safari. Mna msiba?"

"Hapana mama, tunatembea tu," nikasema. "Kesho tunapanda meli."

"Haya. Mnashukia wapi?"

"Hatushuki popote. Tunaenda nayo mpaka mwisho."

Alisimamisha kalamu. "Kuna nini mwisho?"

"Mwisho tunapanda basi, tunarudi Songea."

Akamgeukia Agata. "Mwenzangu, mzee anaumwa?"

"Anasoma sana," Agata akajibu, na wote wawili wakacheka kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi asubuhi tulipanda. Nakiri kwamba nilikuwa na furaha ya mtoto. Tulikuwa na tiketi za daraja la kwanza, viti viwili juu, meza ndogo katikati, na chai ikaletwa kwenye vikombe vyenye visahani. Ziwa lilikuwa limetulia. Nchi kavu ilikuwa kulia kwetu, milima ya bluu nyuma yake, vijiji vikipita kimoja kimoja kama kurasa. Nilishika chuma cha ukingoni kwa mkono mmoja tu. Nilimwambia Agata, "Unaona? Ndivyo itakavyokuwa. Tutakaa hivi, na miji ndiyo itakayotujia." Tayari kichwani mwangu ile milima ilikuwa imepandwa mizeituni.

Baada ya Liuli meli ikapiga honi, ikapunguza mwendo.

Vijiji vingi vya huku havina gati. Meli inasimama mbali na ufuko, na kijiji ndicho kinachoifuata: mitumbwi inatoka, inajibana ubavuni, abiria wanashuka ngazi na mizigo yao, wengine wanapanda, na wauzaji wanainua mabeseni ya samaki na miwa na mihogo ya kuchemsha. Dakika chache, honi nyingine, basi. Nilikuwa nimeinama nikipiga picha niliposikia sauti ya mwanamke kutoka chini.

"Agata! We Agata! Si wewe huyo juu?"

Alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi, miguu peku, amelishika kafi kama mtu ashikavyo mwiko. Nilimkumbuka kwa shida: Sofia, binti wa mama mdogo wa Agata.

"Ni mimi!" Agata akajibu. Sauti yake ilikuwa nyingine. Akaendelea kwa Kinyasa, haraka haraka, na kule chini mitumbwi mitatu ikageuka kumtazama.

"Mbona umekaa?" Sofia akaita kwa Kiswahili, nadhani kwa faida yangu. "Shuka basi! Au siku hizi kwenu ni huko juu?"

Agata alisimama, akachukua pochi yake. "Unakuja?"

Nilitazama ngazi. Nilitazama ule mtumbwi, uliokuwa unacheza ovyo ubavuni mwa meli. Nikamjibu mke wangu maneno ambayo ningependa kusema aliyasema mtu mwingine.

"Chai yangu haijaisha."

Alinitazama kidogo tu, bila hasira. Kisha akashuka. Alivua viatu kwenye ngazi, akakanyaga mtumbwi mahali hasa panapotakiwa kukanyagwa, akakaa. Sikuwahi kujua kwamba mwili wake unajua jambo hilo. Meli ikapiga honi. Sofia alipaza sauti mara moja zaidi, akinielekezea kafi, "Shemeji! Unapita kwa wakwe huku umekaa?" na watu wa mitumbwi wakapiga kelele za kuzomea. Mimi nikapunga mkono. Naomba msomaji alifikirie hilo: nilipunga mkono.

Kutoka pale hadi Lituhi, kituo cha mbele kaskazini, ni saa chache, na katika maisha yangu sijakaa saa ndefu kama zile. Kikombe cha Agata kilikuwa mbele yangu, kimejaa, kimeweka utando juu. Mhudumu akaja.

"Mama yuko wapi, nimwondolee kikombe?"

"Ameshuka kwao."

"Na wewe, mzee?"

"Mimi naendelea."

"Unaendelea wapi?"

Ni swali lile lile la mwenye nyumba ya wageni. Vijiji viliendelea kupita, vizuri vile vile, na kwa kila kimoja niligeuka upande wa kiti chake kusema jambo. Nilitoa simu, nikafungua picha za Upendo. Bandari yenye nyumba za manjano. Meza ya watu wawili yenye kitambaa cheupe. Nilikuwa bado naitaka ile meza, sitadanganya. Ila nilijaribu kumweka Agata kwenye kiti cha pili, na kila nilipomweka alikuwa anavua viatu.

Lituhi nilishuka. Sikuamua kwa ushujaa. Nilijikuta nimeshika begi. Na kwa kuwa maji hayana huruma kwa watu wa aina yangu, niliposhuka ngazi ulikuwepo mtumbwi kama ule niliouogopa asubuhi, ila sasa hakukuwa na mtu ninayemfahamu ndani yake. Nilikaa chini kabisa kwenye maji machafu ya mtumbwini, nikashika mbao pande zote mbili, macho nimefumba. Ufukoni nilikuta gari linalopakia abiria wa Songea. Konda alinishika begi. "Songea, mzee, Songea, nafasi ya mbele!" Ningekuwa nyumbani kabla ya kulala. Nilimnyang'anya begi langu, nikatafuta bodaboda wa kunirudisha kusini.

Jioni, jua likielekea kuzama, nilifika kijijini nikiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi. Hakuna aliyekuja kunipokea begi. Mama mdogo wa Agata, Mama Felista, mzee mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, alikuwa mlangoni mwa jiko anapara samaki.

"Shikamoo mama," nikasema.

Hakuitika. Akamwambia Sofia, kana kwamba sipo, "Muulize huyo mgeni anamtafuta nani."

"Nimemfuata mke wangu."

"Sisi mkwe wetu amepita leo asubuhi," Mama Felista akamwambia samaki. "Tumemwona kwa macho. Alikuwa juu kule, anakunywa chai. Akatupungia. Huyu wa kwenye vumbi hatumjui."

Hapo nikaelewa nilichokifanya. Kwetu sisi mkwe anaweza kuchelewa, anaweza kuja mikono mitupu, anaweza hata kununa. Lakini kupita mlangoni mwa wakwe bila kuingia ni kuwaambia hawapo. Na mimi sikupita kimyakimya. Nilipita na honi, kijiji kizima kikitazama.

Nilikaa chini, palepale kwenye mchanga, nikaomba radhi. Agata alikuwa ndani. Nilijua, kwa sababu kicheko chake nilikisikia.

Walijadiliana. Kuku wa faini angempata wapi mtu aliyetoka kwenye meli na begi la vitabu? Sofia ndiye aliyetoa hukumu: kesho asubuhi nitapanda mtumbwi, nitapelekwa pale meli ilipotia nanga, nitatazama kijiji, halafu nitarudi na kubisha hodi kama mtu. "Wangoni mlikuja mpaka huku kwa mikuki," akasema. "Kafi litakushinda?" Ndipo Mama Felista akaitika, "Marahaba, baba," na ugali wa muhogo ukatengwa, na samaki wake.

Ijumaa asubuhi aliyekuja kunichukua hakuwa Sofia. Alikuwa Agata, kitenge amekifunga juu ya magoti. Alinikalisha katikati, akasukuma, akaruka ndani, akaanza kupiga kafi taratibu. Nilishika mbao. Hakunicheka.

Tulipofika mbali aliacha mtumbwi uelee. Kijiji kilikuwa kidogo sana, moshi wa majiko matatu manne.

"Nilikuwa nakuja hapa kuuza mihogo," akasema. "Nina miaka kumi, kumi na moja. Siku moja juu ya meli kulikuwa na mwanamke amefunga kitambaa cha njano, anakunywa chai, kikombe na kisahani. Hakununua kitu. Nikasema moyoni, siku moja na mimi nitakaa pale, nipite."

"Jana ulikaa."

"Jana nilikaa. Chai ilikuwa nzuri tu. Halafu nikawaona akina Sofia huku chini, nikaona wivu, Baba Upendo. Nikaona ningetoa chochote niwe huku." Alichovya kafi majini, akalitoa. "Mediterania ni kuzuri, najua. Lakini hakuna mtu kule atakayetoka na mtumbwi kuniita jina."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi kule nina watu. Kwamba bandari zile nimeziita majina miaka ishirini na sita. Sijui kama ziliwahi kuitika.

"Basi tugeuze," nikasema, "nikabishe hodi."

Jumamosi tulirudi Songea kwa barabara, tukiwa na dagaa wakavu gunia nusu, na Agata ameahidi kurudi likizo ya Desemba kwa mwezi mzima. Mimi niliahidi pia. Mama Felista alisema ataamini akiniona nimekaa.

Jumapili jioni Upendo alipiga. Nilimshukuru, nikamwambia hatuendi. Akauliza, "Baba, na wewe hutaki kweli?"

"Nataka," nikamwambia. "Nataka sana. Picha usizifute."

Nilitembea na simu mpaka mwisho wa uwanja, Agata asisikie. Upendo mwenyewe hajafika kwa akina mama yake ziwani tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nikamwambia likizo yake ya Desemba aje huku. Apande meli Mbamba Bay, daraja la kwanza, akae upande wa kulia. Baada ya Liuli ataona mtumbwi unatoka, mama yake anapiga kafi, na katikati mzee mmoja ameshika mbao kwa mikono miwili.

"Tutakuita," nikasema. "Ukisikia jina lako, iache hiyo chai. Shuka."