Mindimu Ilipochanua Ibra

Barabara za kuingia mji wetu wa Ibra zilipofungwa kwa sababu ya korona, mume wangu alikuwa kazini mji wa Sur, akabaki hukohuko. Nyumbani tukawa wawili, mimi na mama mkwe wangu, mzaliwa wa Unguja, ambaye macho yake yalikuwa yameshapungua nguvu.

Faraja yetu ilikuwa shamba la nyuma ya nyumba. Mindimu ilikuwa imechanua, na maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia mashamba, yakipita kando yetu. Kila asubuhi tulitandika mkeka tukanywa kahawa, na harufu ya yale maua ikatusahaulisha habari za simu: leo kafariki fulani, kesho jirani yake.

Siku moja nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi mindimu imeshapukutisha maua?"

Nikatazama juu. Matawi yalikuwa meupe, yamejaa nyuki. Nikachuma kishada, nikamsogezea puani.

"Sisikii harufu yoyote," akasema. Akacheka, eti ni uzee. Mimi sikuweza kucheka. Nyuki walivuma juu yetu.

Kufika alasiri alikuwa na homa kali. Wauguzi waliojifunika mwili mzima wakamchukua kwa gari la wagonjwa, wakanikataza kupanda.

Alirudi baada ya wiki kadhaa, amekonda, na sauti yake imekuwa ndogo. Mpaka leo, akichelewa kuamka, mimi husimama mlangoni kwake nikasikiliza kama anapumua.