Ngozi Isiyo na Masikio

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikienda ibadani nahesabu kwanza vifaranga, nikirudi nahesabu tena. Marehemu mume wangu alikuwa kinyume changu. Ng'ombe wetu mmoja alimweka kwa rafiki yake, mfugaji wa Getanuwas, kama ilivyo desturi kati yetu wa mlimani na wao wa bondeni: yeye anakamua maziwa, ndama ni wetu, na mnyama akifa analeta ngozi ili mwenye mali aone kwa macho yake.

Mume wangu alipofariki, nikabaki na desturi hiyo mikononi. Siku moja yule mzee mfugaji akapanda mpaka kwangu Gitting na ngozi ya ndama begani. Nikaikunjua. Haikuwa na masikio. Na sikio la kushoto ndilo lenye alama yetu, pengo dogo tunalomkata ndama angali mchanga. Akasema fisi aliondoka na kichwa. Nikampa pole, nikampa chai, na moyoni nikamwita mwizi.

Wiki iliyofuata nikateremka kumchukua ng'ombe. Nilimdanganya kwamba watoto wanahitaji maziwa. Hakubisha. Aling'oa majani mabichi, akaniwekea mkononi, ishara ya amani kwao, akatusindikiza mpaka barabarani. Hata wema huo niliushuku. Nani anaachia maziwa kirahisi hivyo?

Mvua zikagoma. Kule bondeni ng'ombe walikufa zizi kwa zizi, na zizi la yule mzee likabaki na punda tu. Wangu alikuwa huku juu anakula mabua ya mahindi. Kanisani wakasema huo ni mkono wa Mungu, nikaombwa nitoe ushuhuda. Nikasimama mbele yao, nikasema Mungu alinisemesha nikamtoe ng'ombe wangu bondeni. Wakapiga vigelegele. Nikaketi upesi, kwa sababu niliijua sauti iliyonisemesha, na haikuwa ya Mungu.

Ushuhuda haukai kanisani. Huu wa kwangu ulifika Getanuwas, na mzee akapanda tena, safari hii mikono mitupu. Nikamwamkia, akaitikia, akakataa kiti. Nikajua amekuja kuomba ng'ombe, nikaandaa visingizio vitatu. Hakuomba kitu.

"Shemeji," akasema, "Mungu wako alipokuambia ukame unakuja, mbona mimi hukuniambia?"

Nikiushikilia ushuhuda wangu, basi nilimwona rafiki wa mume wangu anaelekea kwenye hasara nikanyamaza. Nikisema kweli, basi nilimwita mwizi huku anakunywa chai yangu. Wanasema hakuna jambo linalompita Mungu. Naamini. Lakini siyo yeye aliyenifungua kinywa pale kanisani. Nilikifungua mwenyewe, na sasa hakuna aliyenilazimisha kukifungua tena.

"Mungu hakuniambia kitu," nikasema. "Ni ile ngozi. Nilidhani umemuuza ndama."

Akavuta kile kiti alichokikataa.

"Afadhali," akasema. "Kumbe ni wewe tu. Nilikuwa nimeanza kumchukia Mungu wako, na mke wangu anasali huko kwenu."

Angenitukana, ingeniuma kidogo kuliko hiyo "ni wewe tu." Jumapili nikasimama tena, nikaufuta ushuhuda wangu, na safari hii hakuna aliyepiga vigelegele. Namshukuru Mungu kwa imani yangu. Haijaniponya tabia, lakini hainiruhusu nijifiche nyuma yake.

Ng'ombe akazaa jike. Nikamkata pengo sikio la kushoto, na alipoacha kunyonya nikamteremsha Getanuwas mwenyewe. Mzee alipopokea kamba alilipapasa lile pengo kwa kidole.

"Huyu akifa," akasema, "nitakuletea kichwa kwanza."

Hakucheka. Masikio ya yule wa kwanza mpaka leo sijui yalikwenda wapi, na kamba nilimwachia.