Choo cha Effie Tannock

Ina Gilfeather alizaliwa Glasgow, akafanya kazi kiwanda cha jemu tangu ana miaka kumi na minne, akamzika mume mmoja mvivu, na katika maisha yake yote alitamani kitu kimoja tu: choo chake mwenyewe. Pale ghorofa ya tatu watu kumi na mmoja walichangia choo kimoja cha kwenye ngazi, na asubuhi za Januari ilibidi uvae koti na kofia kabla ya kupanga foleni.

Mwaka 1952 nyumba ya ghorofa ya kwanza, yenye choo ndani, ikabaki wazi. Wakala wa mwenye nyumba akasema ataipata mwanamke msafi. Ina akasugua ngazi mpaka magoti yakaota sugu. Effie Tannock, jirani yake wa mlango kwa mlango, akasubiri Ina aingie ndani, akamwaga majivu ya jikoni kutoka juu hadi chini, kisha akamwonyesha wakala kwa masikitiko makubwa. Effie akahamia ghorofa ya kwanza. Ina akarudi juu. Alipanga foleni, akaweka kisasi moyoni, akakilisha vizuri kikanenepa.

Miaka miwili baadaye Effie akawa haambiliki. Kaka yake Rab, aliyehamia Glasgow nyingine, ile ya Montana huko Marekani, alikuwa anakuja na mkewe.

"Kuna ng'ombe wengi kuliko watu," Effie alitamba.

"Na ngazi huosha nani, shoga? Ng'ombe?"

"Ina, wivu utakuua."

Walifika Jumamosi. Ina alikuwa amepiga magoti anamalizia zamu yake ya kuosha ngazi, amefika ya mwisho kabisa. Mke wa Rab, Lorene, akamtupia koti la manyoya mikononi.

"Wewe ndiye Ina, mtumishi? Effie ametuandikia habari zako. Anasema alikuokota kwa huruma."

Ina akalitazama lile koti. Akatabasamu tabasamu ambalo mumewe, angekuwa hai, angelikimbia.

"Ndimi, mama. Karibuni sana. Piteni juu."

Sasa, katika jengo lile kulikuwa na kibao kidogo cha zamu. Ukimaliza kuosha, unakitundika kwenye kitasa cha jirani anayefuata, na tangu hapo uchafu wote wa ngazi ni wake. Ungeweza kumtukana padri ukasamehewa. Kukataa kibao, hapana. Aliyemfuata Ina alikuwa Effie.

Ina akakitundika, akatoka barabarani, akamwita muuza makaa ya mawe.

"Gunia mbili, Archie. Ghorofa ya tatu. Na usijisumbue kufuta buti."

Archie akapanda kwa kishindo, anadondosha vumbi jeusi kila hatua. Milango ikafunguka, wanawake wakajaa vizingitini na vikombe vyao vya chai.

"Kibao cha nani leo?" akauliza mmoja, ingawa alikiona.

"Cha Bi Tannock!" wakaitikia kama kwaya.

Effie akatoka na gauni la hariri, uso umempauka. "Nina wageni!"

"Hata sisi tumewaona," akasema Ina. " Ndoo ile pale, shoga."

Akapiga magoti. Rab na Lorene wakabaki mlangoni, vinywa wazi.

"Effie," akasema Lorene taratibu, "kwani mtumishi ni nani?"

Ina akamrudishia koti lake. "Mama, naomba kutumia choo chenu. Kule kwetu kuna foleni."

"Tumia tu," akasema Lorene, akampisha mlangoni.

Ina akaingia, akajifungia. Kulikuwa na joto. Akakaa. Huko nje akasikia brashi ikisugua.

"Ina! Toka humo!"

"Sugua vizuri pembeni, Effie," akajibu, akavua viatu. "Mimi bado sana."